Barua ya Kuthibitisha Asili Yangu

Fomu ya kwanza niliijazia Riyadh, juu ya meza ya kupigia pasi, Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ikiwa imelala. Nilikuwa nimeifungua kwenye simu, na jibu lililonichukua muda kuliko yote lilikuwa la swali la nne: "Thibitisha kwamba wewe ni wa jamii ya asili." Walikuwa wameacha nafasi ya mistari miwili. Swali la kumi, la kueleza nilivyosikia habari zao, lilikuwa na nusu ukurasa.

Sikuzaliwa na dharau. Mama yangu hakuniruhusu hata kumwigiza mwalimu aliyekuwa na kigugumizi. Dharau nilijifunza ukubwani, polepole, na walionifundisha si Waarabu niliowafulia nguo. Ni watu wa basari.

Mimi ni wa jamii ya Ogiek, watu wachache wa msitu wa Mau, watu wa mizinga na asali. Majirani zetu wafugaji walitupa jina la Ndorobo, yaani maskini asiye na ng'ombe, na jina hilo likaingia vitabuni na kwenye faili za ofisi. Mpaka leo ukimwambia karani kwamba wewe ni Ogiek anainua kichwa na kukuuliza, "Yaani Ndorobo?" Kisha anaandika alichosema yeye.

Nilifika chuo kikuu nikiwa wa tatu kutoka kijijini kwetu. Nilisoma mwaka mmoja wa ualimu, Kiswahili na historia, karo ikanishinda nikatoka. Nilikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani kama walivyokwenda wasichana wengi wa rika langu, na mwaka wangu wa pili kule chuo kikafungua masomo ya mbali. Nikajiandikisha upya. Nilipomwomba madam ruhusa ya kusoma saa za mapumziko hakukataa. Aliuliza tu itachukua muda gani, nikamwambia miaka minne, akacheka kama mtu aliyeambiwa kwamba paka wake anasomea udaktari. Alikuwa mwanamke mwenye watoto wanne na saa nyingi za kulala, na sikumbuki aniulize tena habari za masomo hayo.

Tangazo la basari nililiona kwenye simu. Lilikuwa la shirika moja la Nairobi, jina lake silitaji kwa sababu halistahili kutajwa. Walisema wanawasaidia wanafunzi wa vyuo kutoka jamii za asili. Walitaka barua ya chifu, barua ya wazee wa jamii yenye muhuri, picha ya mwombaji akiwa katika vazi la kiasili, na insha ya maneno elfu moja kuhusu maisha yake.

Vazi la kiasili la kwetu ni ngozi za pimbi, mnyama mdogo wa mitini, zilizoshonwa pamoja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nalo. Mimi sijawahi kulivaa hata siku moja, na mle Riyadh nilikuwa na abaya mbili nyeusi, aproni, na sweta la shule ya upili. Nikapiga picha nimevaa sweta.

Barua ya chifu aliishughulikia mama. Kutoka nyumbani hadi ofisini ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mara ya kwanza chifu alikuwa mazishini. Mara ya pili alikuwa mkutanoni, ingawa mama alimwona kupitia dirishani akinywa chai peke yake. Mara ya tatu alimpokea, akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba basari ni za watoto wa maskini, na mtu aliyeko Arabuni si maskini tena. Mama hakubishana. Alirudi kwenye benchi la nje akakaa hapo tangu asubuhi hadi askari alipoanza kufunga madirisha, na chifu, ambaye nadhani aliogopa kumruka akitoka, akamwandikia.

Mama alinitumia picha ya barua hiyo pamoja na ujumbe wa sauti. Sauti yake ilikuwa na furaha. Alisema, "Sasa mambo yako tayari, mwanangu." Nikaifungua barua. Ilisema kwamba mtajwa ni mkazi wa lokesheni yake, Ndorobo kwa kabila, mwenye tabia njema. Mtu huyo hajaniona tangu nilipokuwa shule ya msingi. Tabia yangu aliijua, kabila langu hakulijua. Nikamjibu mama kwamba barua ni nzuri sana na kwamba ningemshukuru chifu mwenyewe, nikaiambatisha hivyo hivyo.

Insha niliiandika kwa ukweli, na hapo ndipo nilipokosea. Niliandika kuhusu kupiga pasi kanzu nyeupe za baba mwenye nyumba, saba kila wiki. Niliandika jinsi ninavyosomea bafuni kwa sababu ndicho chumba pekee chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na jinsi vumbi la Riyadh linavyoingia mpaka kwenye sukari, nami niliyekulia penye ukungu nikawa natoka damu puani mwaka mzima wa kwanza. Niliandika kwamba nataka kuwa mwalimu wa watoto ambao karani hatawaandika upya. Niliposoma niliona ni insha nzuri. Bado naona hivyo.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Nilikuwa naosha mchele wa kabsa, wali wao wa nyama, nikaifuta mikono na kusoma. "Tunasikitika kukujulisha kwamba mwombaji hakuonyesha uhusiano hai na mazingira yake ya asili."

Niliusoma ujumbe huo mara kadhaa, kisha nikarudi kwenye mchele. Sisi tulifukuzwa msituni nikiwa darasa la tano. Tuliondoka na sufuria mbili na kuku mmoja, na nyumba tuliiona ikiungua tukiwa bondeni. Uhusiano wangu na msitu uliungua siku hiyo, na sasa kulikuwa na watu waliokaa penye kiyoyozi wakishangaa ulikwenda wapi. Mtu aliyenyang'anywa kitu ndiye huyo huyo anayeambiwa akilete kwanza ndipo asaidiwe. Sijui ni shule gani inayowafundisha watu kufikiri hivyo, lakini nina hakika walisoma kwa basari.

Mwaka uliofuata mama yake madam alianguka akavunjika nyonga, nami nikapelekwa Jeddah kumtunza. Kafili, mwajiri aliyenidhamini, alibaki yule yule, ikama, yaani kibali cha kuishi, ile ile, nyumba tu ndiyo iliyobadilika. Bibi huyo alikuwa akiishi mtaa wa Ruwais, katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Alikuwa ameolewa na mvuvi, na aliniambia kwamba zamani alikuwa akiiona bahari kutoka dirishani. Siku hizi aliona ukuta wa jengo la watu wengine, na kila asubuhi aliutazama ukuta huo kwa chuki ya wazi. Nilimpenda kwa ajili ya hilo. Alikuwa mkali wa mdomo, lakini aliongea Kiarabu polepole ili nimwelewe, na kila Ijumaa baada ya alasiri aliniambia, "Yalla, toka, nenda ukaone watu." Huko Riyadh sikuwahi kuambiwa nikaone watu.

Nilipomwomba ruhusa ya kwenda Balad, sehemu ya kale ya jiji, kuchapisha karatasi za ombi la pili, alitaka kujua ni karatasi gani. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba ni za kuthibitisha kabila langu. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniambia kwamba babu wa mumewe alitoka Yemeni, nyanya yake mwenyewe alitoka mahali ambapo hakuna aliyekumbuka, na kwamba Jeddah yote ni watu waliokuja kuhiji wakashindwa kurudi. Hakuna aliyewahi kumwomba karatasi kwa ajili ya jambo hilo. Nikamwambia ana bahati. Akasema si bahati, ni kwamba hakuna ambaye angethubutu.

Katika nyumba ya pili alikuwapo Mkenya mwenzangu, kadama kama mimi, maana ndivyo tunavyoitwa huko wasichana wa kazi. Paa za nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta wa kufika kifuani, na sote tulianika nguo saa nne asubuhi. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kucheka, na alikuwa anasoma diploma ya maendeleo ya jamii kwa njia ya simu, kama mimi. Alitoka jamii kubwa, ile yenye wabunge wake, redio zake, na watu ambao hawajawahi kuulizwa wao ni nani. Tulikuwa marafiki. Nilimwonyesha fomu, nikamsimulia ya chifu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Alipenda zaidi habari za babu yangu, naye nilimsimulia kila siku kipande. Babu alikuwa mrina asali, mwenye mguu mmoja mfupi kwa sababu aliwahi kuanguka mtini, na mwenye hasira za ajabu. Alipanda na kienge cha majani makavu kinachofuka moshi, akitukana nyuki mmoja mmoja kwa majina ya shemeji zake. Kila mzinga aliujua ulikuwa wa ukoo gani na mpaka wake ulipita wapi, na mtu akikosea mpaka, babu hakumsemesha msimu mzima. Asali yake ilikuwa nyeusi na yenye uchungu kidogo. Dadangu wa paani alikuwa akisikiliza huku kashika shuka mbichi, mpaka madam wake akamwita.

Safari hii shirika liliniita kwenye usaili wa video. Ulikuwa Ijumaa alasiri, nikaufanyia paani katikati ya shuka kwa sababu huko mtandao ulikuwa na nguvu. Walikuwa watatu. Kulikuwa na mwanamume mwenye tai aliyekuwa anakula, na mgeni mmoja kutoka ng'ambo ambaye hakusema neno, alitabasamu tu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke aliyevaa shanga kutoka mabegani mpaka kidevuni, shanga za kabila ambalo si langu wala, nadhani, si lake.

Waliniuliza ninapenda nini kuhusu mila zetu. Wakaniuliza ninakosa nini nikiwa mbali. Nilijibu kwa adabu. Kisha mwenyekiti akajiegemeza mbele akasema, "Sasa tuongelee kidogo kwa lugha yenu. Chochote tu."

Nikamwuliza ni nani kati yao anayeielewa.

"Hakuna," alisema. "Lakini tutahisi."

Basi nikawaongelea. Niliwaambia kwa lugha ya mama yangu kwamba asubuhi hiyo nimesugua choo, nimembadilisha bibi shuka, na nimetoa samaki wanne matumbo. Niliwaambia kwamba huyo bwana mwenye tai anatafuna kinywa kikiwa wazi. Niliwaambia kwamba shanga za mama mwenyekiti ni za wale wanaotuita maskini, na kwamba mama yangu alikaa kwenye benchi siku nzima kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna kati yao aliyeisoma. Nilisema taratibu, sauti chini, kama mtu anayeomba. Nilipomaliza, mwenyekiti alikuwa ameweka mkono kifuani. Mgeni alikuwa na machozi.

"Nzuri sana," mwenyekiti alisema. "Nimeusikia msitu."

Sikucheka. Nilishuka nikampa bibi dawa yake, abaya imeshikana na mgongo kwa joto la Jeddah. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeongea lugha yetu mbele ya watu wakubwa, na nilikuwa nimezungumzia matumbo ya samaki.

Wakaniweka kwenye orodha ya kusubiri. Walieleza kwamba lugha yangu ni hai sana, ila insha yangu ilikosa "sauti ya jadi". Nilikuwa nimeandika tena mambo ya kweli.

Wiki mbili baadaye rafiki yangu alikuja ukutani bila nguo za kuanika. Simu ilikuwa mkononi, na hakucheka.

"Nina jambo," alisema. "Usinikasirikie."

Alikuwa ameomba basari ile ile, akijiita Ogiek. Kaka yake alikuwa amempatia barua ya chifu na barua ya wazee wenye muhuri, wazee ambao sijui walitoka wapi wala walizeekea wapi. Picha aliipiga akiwa amejifunika blanketi la manyoya ya bandia la sebuleni kwa bosi wake. Hakuitwa hata kwenye usaili. Walimpa moja kwa moja.

Nikamwomba anionyeshe insha. Alisita, kisha akanipitishia simu juu ya ukuta. Niliisoma nimesimama juani. Babu yangu alikuwamo. Hakuwa na mguu mfupi wala hasira. Alizungumza na nyuki kwa upole, nao wakamsikiliza. Aliketi na mjukuu wake jioni kumfundisha siri za miti, na kabla ya kufa alimshika mkono akamwachia msitu autunze. Babu yangu alikufa hospitali ya wilaya akimtukana daktari. Nilikuwapo.

Nilimrudishia simu. Nilimwambia kwamba Kiswahili chake kina makosa ukurasa wa pili. Aliinamisha kichwa, akasema alidhani hawatampa, alijaribu tu, na kwamba angefukuzwa chuoni muhula ule kama asingepata karo. Hayo ya mwisho nilijua ni kweli, kwa sababu alikuwa ameniambia kabla.

"Kuna jambo lingine," alisema. "Wanataka video ya shukrani. Wanataka nisalimie kwa lugha."

Nikaokota beseni langu nikashuka ngazi.

Siku nane nilianika nguo saa moja asubuhi ili nisikutane naye. Nilimdharau kwa bidii. Nilipomenya vitunguu nilimdharau, nilipomkanda bibi miguu nilimdharau. Nilitunga barua ya kumshtaki kwa shirika, nikaifikisha mpaka sahihi. Nilichoshindwa ni kuituma kwa watu wale. Ningewaandikia nini? Kwamba wamedanganywa? Walikuwa wamepewa walichokiagiza, babu laini aliyepikwa vizuri, na wao walikuwa hawajawahi kutaka yule mwingine. Kama kuna mwizi, alikuwa ameiba kitu ambacho wenyewe walikitupa mara mbili kilipoletwa na mwenye nacho. Barua nikaifuta.

Ijumaa ya pili nilimkuta ananingojea mlangoni na mfuko wa sambusa. Tukachukua teksi mpaka Balad. Tuliteremka tukatembea kwenye vichochoro vya nyumba za mawe ya matumbawe, zile kuukuu zenye madirisha ya mbao, nusu zimefungwa majukwaa ya mafundi. Wapagazi walitupita na mikokoteni. Tukaketi kwenye ngazi ya nyumba isiyokaliwa na mtu, nikamwambia aseme ninayosema.

Nilikuwa nimefikiria kumfundisha tusi. Nakiri hivyo. Nilikuwa nimelichagua kabisa, tusi la babu la kuwatukania shemeji. Lakini tulipoketi pale niliona aibu, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya lugha, nikamfundisha salamu yenyewe, ile ya mtu kumwamkia mwanamke wa rika lake anayekutana naye njiani.

Alikosea. Nikamrekebisha. Akakosea tena, sauti akaipandisha mahali pa kuishusha. Mara ya tatu akanigeukia, akanitazama usoni, akaisema sawasawa.

Nikamwitikia. Sikukusudia. Kinywa kilifunguka chenyewe, kama unavyojibu mtu akibisha hodi. Ilikuwa karibu miaka mitatu tangu mtu anisalimie kwa lugha hiyo ana kwa ana, na huyu aliyenisalimia hakuwa na haki nayo hata kidogo, aliinunua kwa blanketi la bosi na babu wa kuazima. Nilijifuta macho kwa ncha ya abaya. Nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau chifu, au mwenyekiti na shanga zake, kwamba machozi yangu ni rahisi hivyo.

Aliuliza kama amekosea.

"Hapana," nilisema. "Rudia."

Akarudia, nami nikaitikia, mpaka tukamaliza sambusa.

Mwaka uliofuata shirika lilituandikia sote tulioorodheshwa kusubiri. Tulikaribishwa kuomba tena. Masharti yalikuwa yale yale isipokuwa moja lililoongezwa: mwombaji alete barua kutoka kwa mnufaika wa zamani wa jamii yake, anayemfahamu na anayeweza kuthibitisha kwamba kweli ni mwenzao.

Mnufaika wa jamii ya Ogiek alikuwa mmoja tu. Alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta.

Nilimsomea sharti hilo nikiwa nimeegemea matofali. Alinitazama kuona kama nacheka, na mimi nilikuwa namtazama yeye kwa sababu hiyo hiyo. Aliniambia kwamba hawezi kuandika kitu kama hicho, kwamba ni aibu. Nikamwambia aibu ingefaa kuja mapema zaidi, na kwamba nahitaji barua kufikia Jumapili. Akaiandika. Alieleza kwamba amenifahamu kwa muda mrefu, kwamba nimelelewa katika mila za watu wetu, na kwamba lugha yetu naiongea vizuri kumliko yeye. Hilo la mwisho lilikuwa neno la kweli pekee katika faili lote, pamoja na jina langu.

Insha ya tatu sikuiandika kuhusu kanzu wala bafu. Niliwaandikia babu mpole. Nilimpa ndevu nyeupe, ambazo hakuwa nazo, na maneno ya mwisho kitandani. Ilinichukua chini ya saa moja, na ni kazi mbovu kuliko zote nilizowahi kuandika. Walinipa basari kwa miaka miwili iliyobaki. Mwenyekiti aliniandikia mwenyewe kunipongeza kwa kuipata sauti yangu.

Niliipokea. Nasema hivi kwa sababu wapo watakaosoma haya wakitumaini kwamba niliwarudishia. Karo ililipwa moja kwa moja chuoni, na mama aliacha kuuza kuku wa mayai. Nilipomweleza jinsi nilivyopata, pamoja na yale ya babu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba baba yake angewatukana wote, kuanzia mimi. Halafu akaniuliza kama ninakula vizuri.

Walipoomba video ya shukrani niliwatumia mistari mitatu kwa Kiswahili, bila picha. Hawakuulizia zaidi. Rafiki yangu alimaliza diploma yake mkataba ulipoisha, akarudi Kenya, na siku hizi anafanya kazi kwenye ofisi moja inayoshughulikia jamii zilizotengwa. Mara moja moja hunitumia ujumbe wa sauti wenye salamu ile. Matamshi yake yanaharibika kila mwaka. Humwitikia.

Mtihani wa mwisho wa historia niliufanyia chumbani kwa bibi, kwa kuwa chuo kilitaka kamera iwake muda wote na huko ndiko palipokuwa na mwanga mzuri. Bibi aliambiwa asiseme neno, naye hakusema. Alikaa kitandani saa tatu nzima akiutazama ukuta wake. Nilipofunga simu akageuka akaniuliza nimeshinda au nimeshindwa. Nikamwambia bado sijui, majibu ni baada ya miezi miwili.

"Halas," alisema. "Basi niletee chai."